Dawa ya kuongeza kwenye oili haisafishi injini ya lori kuukuu

Wamiliki wengi wa malori yaliyotumika huamini kwamba chupa ya dawa inayomiminwa kwenye oili ndiyo itakayoondoa uchafu uliolimbikana ndani ya injini. Imani hiyo inasahau kwamba oili bora ya dizeli, kwa mfano yenye uzito wa 15W-40 na daraja la ubora la API CI-4 au CK-4, hutoka kiwandani ikiwa tayari na kemikali za kusafisha na za kutawanya masizi, zilizopimwa kwa uwiano ambao nyongeza yoyote huweza kuuvuruga. Ndiyo maana oili ya dizeli huwa nyeusi muda mfupi baada ya kubadilishwa: inabeba masizi badala ya kuyaacha yagande kwenye vyuma, na huo si ubovu hata kidogo.

Hatari kubwa zaidi imo katika dawa kali za kuoshea. Injini iliyopuuzwa kwa miaka huwa na utando mzito chini ya kava la valvu. Utando huo ukibanduka kwa mkupuo, vipande hushuka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na kuziba chujio la pampu ya oili, kisha beringi za krenkishafti (mhimili mkuu wa injini) na za tabo (turbo) hukosa oili. Taa ya presha ya oili ikiwaka, huenda madhara yamekwishatokea.

Lori la namna hiyo ni afadhali lisafishwe polepole, kwa kubadilisha oili na filta mapema kuliko kawaida mara mbili au tatu, na kila filta iliyotolewa ipasuliwe ili kuona kama ina chembe za chuma. Nozeli mbovu za kunyunyizia dizeli nazo zirekebishwe, kwani huzalisha masizi upya.