"Askari" ni nani? Kuchukua maelezo ya shahidi Lamu

Ripoti nyingi za ukiukaji wa haki za binadamu haziangushwi na uongo wa mashahidi. Huangushwa na maneno ya kawaida ambayo aliyeandika hakuyafungua. Shahidi amesema kweli, afisa ameandika alivyosikia, kisha siku ya kesi wakili wa upande wa pili anauliza swali moja tu na karatasi nzima inapoteza nguvu. Ndiyo maana kwa vijana wanaoanza kazi hii, wawe watabaki Lamu au watakwenda Somalia, Sudan Kusini au mashariki mwa Kongo, mimi huanza na lugha kabla ya sheria.

Chukua sentensi hii: "Askari walikuja usiku wa Ijumaa, saa nane, wakamchukua ndugu yangu." Ina mitego minne.

Askari kwetu ni polisi wa kawaida, polisi wa utawala, GSU (kikosi maalumu cha polisi), mwanajeshi wa KDF, askari wa wanyamapori wa KWS, hata mlinzi wa lango la hoteli. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 na Linda Boni, operesheni ya usalama katika msitu wa Boni iliyoanza 2015, vikosi mbalimbali vimekuwa katika kaunti hii kwa wakati mmoja, na kila kimoja kina mlango wake wa malalamiko. IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, huchunguza polisi. Haina mamlaka juu ya wanajeshi. Lalamiko dhidi ya KDF ukilipeleka IPOA utapoteza wiki kadhaa ambazo familia haina. Hilo lipeleke kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ambayo inapokea malalamiko dhidi ya kikosi chochote.

Kwa hiyo fungua neno. Usiulize "Walikuwa KDF?", maana shahidi aliyechoka ataitikia chochote. Uliza: Walivaa nini? Nguo ya rangi moja au ya madoa, na madoa ya rangi gani? Kichwani je? Viatu? Walikuwa wangapi, na wewe uliwahesabu au unakisia? Walizungumza lugha gani, na waliitana vipi? Walikuja na gari gani, boti gani? Sare peke yake si kitambulisho, yeyote anaweza kuivaa. Andika "wanaume sita waliovaa sare ya madoa ya kijani", na uache jina la kikosi mpaka jambo la pili na la tatu liunge mkono.

Mtego wa usiku ni mbaya zaidi, kwa sababu hauonekani. Kwa wazee wengi wa pwani siku huanza jua likichwa, kama ilivyo katika kalenda ya Kiislamu. "Usiku wa Ijumaa" kwao ni ule ambao karani wa Nairobi angeuita Alhamisi usiku. Kosa la siku nzima limeingia na hakuna aliyedanganya. Muulize: "Mama, usiku huo ulipokucha, ilikuwa siku gani? Watu walikwenda msikitini kusali Ijumaa, au Ijumaa ilikuwa imeshapita?" Kisha andika "usiku wa kuamkia Ijumaa", ukiongeza tarehe. Na saa nane usiku ni 02:00. Weka zote mbili kando kwa kando, ya Kiswahili na ya tarakimu 24, papo hapo mbele ya shahidi. Ukisema utabadilisha ukifika ofisini, utakuta "saa 8 usiku" imekuwa 20:00 katika tafsiri ya Kiingereza.

Asiyekuwa na saa mkononi mpe vipimo vyake mwenyewe. Adhana ni kipimo kizuri: hapa Isha huadhiniwa kati ya saa moja na robo na saa mbili kasorobo hivi, mwaka mzima. Kwa mvuvi, muulize maji. Bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, huja mwezi unapoandama na unapotimia, na maji mafu huja katikati ya hapo. Siku za bamvua maji hupwa sana kati ya saa nne na saa tano hivi, asubuhi na usiku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Basi shahidi akikwambia boti ya watu wenye silaha iliingia mkondo mdogo saa nne usiku, siku za bamvua, na maji yamejaa, kuna kitu hakijakaa: ama saa, ama siku, ama mahali. Rudi kwake kwa upole, "Mzee, hebu tuanze tena kwenye maji." Mwezi nao ni shahidi. Anayesema aliona uso wa mtu kwa mbalamwezi usiku wa manane, tarehe 28 ya mwezi wa Kiislamu, hakuwa na mbalamwezi. Mwezi wa tarehe hiyo hutoka karibu na alfajiri. Huenda kulikuwa na taa ya duka. Uliza.

Ndugu anaweza kuwa wa tumbo moja, mtoto wa ami, au jirani waliyekua pamoja. Watu wawili wakiripoti "ndugu yangu ametoweka" kutoka mtaa mmoja, unaweza kuhesabu watu wawili kumbe ni mmoja. Chukua majina matatu, jina la utani analojulikana nalo mtaani, jina la mama, na jina lilivyoandikwa kwenye kitambulisho. Hayo manne mara nyingi hayafanani.

Halafu kuna wakamchukua. Kitenzi hiki hakisemi kama alishikwa mkono, alipigwa, alifungwa kitambaa machoni au alitembea mwenyewe. Jihadhari pia na viambishi vyetu: "alimpiga akaanguka akamkanyaga" haimwambii msomaji nani ni nani, wala kama ni mwanamume au mwanamke. Andika jina au alama ya kila mtu kila mara, hata kama sentensi itakuwa nzito. Na "aliteswa" usiliweke kinywani mwa shahidi. Hilo ni hitimisho la kisheria, lina maana yake katika Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2017. Shahidi aseme alipigwa kwa kitu gani, mara ngapi, sehemu gani ya mwili, akiwa amekaa vipi, na waliokuwa wakipiga walikuwa wanataka aseme nini. Maneno yake yaache katika lahaja yake. Mtu wa Amu, yaani Lamu, akisema "nimewaona kwa mato yangu, wameshika ndia ya pwani" (macho, njia), iandike hivyo hivyo, tafsiri iwe mstari wa chini. Ukisanifisha, unamwondoa mtu ndani ya maneno yake.

Maiti inahitaji haraka na adabu. Waislamu huzika mapema, mara nyingi siku hiyo hiyo, na familia nyingi hazitaki mwili upasuliwe. Usigombane nao; waeleze kwamba bila daktari kutazama, sababu ya kifo itabaki maneno, kisha uamuzi uwe wao. Wakikataa upasuaji, omba daktari autazame mwili kwa nje tu na kuandika. Wakiruhusu picha, kila jeraha lipigwe tatu: ya mbali ionyeshe mwili mzima, ya kati, na ya karibu yenye rula pembeni. Kisha watafute waosha maiti. Hao ndio waliouona mwili wote, mbele na nyuma, na maafisa wengi huwasahau. Zungumza na kila mmoja peke yake, ndani ya siku mbili tatu, na mchoro wa mwili kwenye karatasi ili aonyeshe kwa kidole.

Kwa manusura wa ubakaji hospitali hutangulia maelezo. Dawa za kuzuia maambukizi ya HIV zianze ndani ya saa 72, na nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu unyevu huharibu ushahidi. Asihojiwe mara mbili kwa jambo lile lile.

Mahali pa mazungumzo pana uzito kuliko vijana wanavyodhani. Barazani mtaa mzima unakuona. Mkutane pale ambapo mtu huyo ana sababu yake ya kuwepo. Ridhaa iombwe vipande vipande: kuzungumza, kurekodiwa, kupelekwa kwa nani, kwa jina au bila jina. Kuficha jina pekee hakutoshi. Vijiji vya Waaweer (Waboni) kama Mangai au Kiangwe ni vidogo, na "mwanamke mzee mwenye mtoto polisi" ni sawa na kumtaja. Daftari libebe alama tu. Orodha ya majina ikae mahali pengine. Picha na video chukua faili ya asili, itumwe kama dokumenti, kwa sababu WhatsApp ikituma kama picha hufuta saa na mahali palipokuwa ndani yake.

Kwa aliyekamatwa, saa inakimbia. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inataka afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa zikiishia nje ya saa za mahakama, hapo ni siku inayofuata ya kazi. Andika kila kituo ambacho familia ilikwenda, saa, aliyewajibu, na namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Wakinyimwa namba, andika kwamba walinyimwa. Hifadhi saa ya ujumbe wake wa mwisho wa M-Pesa na saa simu ilipozimwa. Hayo ndiyo atakayoyategemea wakili akiomba Mahakama Kuu, Garsen au Malindi, iamuru mtu huyo aletwe.

Kabla ya kuagana na shahidi, kubalianeni swali la kawaida la simu, mfano bei ya changu sokoni, na jibu litakalomaanisha yuko salama. Piga baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki. Jibu likiwa jingine, zungumza bei ya samaki, kata simu, wala usimtumie ujumbe.