Mwanyumba ni nani wako?

Kwenye fomu ya hospitali kuna mstari ambao karibu kila mtu huujaza vilevile: uhusiano na mgonjwa. Ndugu. Kaka wa tumbo moja anaandika ndugu, jirani aliyemleta mgonjwa kwa bajaji anaandika ndugu. Sisi tunaokusanya maneno ya kamusi hatuna ugomvi na neno hilo, ila limetwishwa mzigo ambao zamani ulibebwa na maneno mengi.

Msibani hivi karibuni, kijana aliyeshika daftari la wasifu alimfikia mzee mmoja aliyekaa mkekani.

"Babu, wewe nikuandike nani wa marehemu?"

"Mwanyumba."

Kijana akaandika "mjumba", akafuta, akauliza tena.

"Mimi na marehemu tumeoa mtu na mdogo wake," mzee akamwambia.

Akaandikwa shemeji. Lakini shemeji wa marehemu ni mke wa huyo mzee. Wanaume waliooa mtu na dada yake ni wanyumba, na mimi napenda kwamba neno lenyewe limebeba nyumba ndani yake: ukweni ni kumoja, mahari yamepokewa na mikono ileile.

Umbu nalo limebaki kwa wachache: kwa mwanamume ni dada yake, kwa mwanamke ni kaka yake. Mke wa mjomba ni mkaza mjomba, ingawa siku hizi huitwa anti, jina analogawana na mwalimu wa chekechea.

Binamu ndilo lenye visa. Kwa Kiarabu lilikotoka ni mtoto wa kiume wa ndugu wa baba. Kwetu huyo ni kaka tu, kwa sababu baba yake, awe mkubwa au mdogo, ni baba yako. Tukaliazima neno, tukalihamishia upande wa pili, kwa watoto wa mjomba na shangazi, ambao pia wana jina la mkoi. Ndiyo maana mtu anaweza kukutambulisha kwa "kaka yangu" bila kudanganya, na kumbe hawakuzaliwa nyumba moja.

Kuna na undugu usiopitia kuzaliwa. Mtu unayeitwa naye jina moja ni somo yako. Ndugu wa kuchanjia walichanjana chale, wakala ini au nyama iliyopakwa damu ya mwenzake. Mila hiyo tuiache kwenye kamusi, maana damu hupitisha Virusi vya Ukimwi na homa ya ini. Mtani, kwa mfano Mnyamwezi kwa Mzaramo, anaweza kukaa katikati ya matanga akadai fidia ili maziko yaendelee, na wafiwa wakatoa huku wanacheka na machozi hayajakauka.

Ndugu wa kunyonya ndiye wa kumwangalia zaidi. Kwa madhehebu ya Shafi, yenye wafuasi wengi pwani, mtoto aliyenyonyeshwa na mwanamke asiye mama yake mara 5 kabla ya kutimiza miaka 2 huwa mwana wa mama huyo, na haruhusiwi kuoana na watoto wake. Bibi asipolisema hilo mapema, linakuja kuibuka posa imeshapelekwa.

Daktari naye anatafuta kitu kingine kabisa. Selimundu hurithiwa kutoka kwa baba na mama wote wawili, kwa hiyo akiuliza nani ameugua kwenu, "anko" haimsaidii. Mwambie: kaka wa mama, baba mmoja mama mmoja. Wa kambo mtaje kuwa wa kambo, hata kama ndiye aliyekulea. Mwanyumba hapo hahusiki. Ila akiwa ndiye aliyekuleta hospitali, kwenye ule mstari aandike "mume wa dada wa mke wa mgonjwa", na nafasi ikibaki aongeze: mwanyumba.