Kutafuta Mwelekeo kwa Jua na Nyota

Kauli kwamba jua huchomoza mashariki ni kweli kwa jumla tu. Huchomoza mashariki barabara karibu na tarehe 20 Machi na 22 Septemba, lakini mwezi Juni huwa limesogea kaskazini na Desemba limesogea kusini. Hata kwenye ikweta tofauti hiyo hufikia nyuzi 23 na kidogo, na huongezeka kadiri mtu anavyokuwa mbali na ikweta. Aliyepotea msituni akaenda kilomita 10 akiwa amekosea kwa nyuzi 23 atatokea takriban kilomita 4 kando ya alikokusudia, na umbali huo watosha kumpitisha mto au barabara aliyokuwa akiitafuta.

Ndiyo maana tunawashauri watu waufuate mwendo wa jua badala ya kulitupia jicho mara moja. Simika kijiti kilichonyooka, chenye urefu wa kama mita moja, mahali tambarare, kisha weka kokoto pale ncha ya kivuli chake inapoishia. Subiri dakika 20 hadi 30, uweke kokoto ya pili kwenye ncha mpya. Mstari utokao kokoto ya kwanza kwenda ya pili huelekea mashariki, uwe kaskazini au kusini mwa ikweta, kwa kuwa jua linapokwenda magharibi kivuli husogea upande wa pili. Kazi hii ifanywe karibu na adhuhuri, kwani asubuhi sana na jioni mstari huo hupotoka.

Usiku, walio kaskazini mwa ikweta wana Kutubu, nyota iliyo karibu sana na ncha ya kaskazini ya anga, hivi kwamba haionekani kuhama. Walio kusini hutumia Msalaba wa Kusini, kundi la nyota lenye umbo la msalaba: refusha mhimili wake mrefu mara 4 na nusu kuelekea mguuni, kisha shuka wima hadi upeo wa macho; huko ndiko kusini. Hakikisha kwanza kwamba karibu yake zipo nyota mbili angavu za Kantarusi, kundi la nyota lililo jirani, kwa maana upo msalaba mwingine, mkubwa na hafifu zaidi, ambao umewapoteza wengi.

Penye mawingu kiasi, nyota yoyote yaweza kutumika. Chagua iliyo chini angani, uilenge kwa ncha za vijiti viwili, na ungoje. Ikipanda, umeelekea upande wa mashariki. Ikishuka, upande wa magharibi. Iliyo bora kwa hili ni Mintaka, nyota ya ukingoni katika zile tatu za mkanda wa kundi la nyota liitwalo Orioni, ile inayotangulia kuchomoza, kwani huchomoza mashariki na kutua magharibi karibu kabisa, popote uonapo.

Ukishaujua mwelekeo, chagua mti au kilima kilicho mbali upande huo ukiandame, wala usiandame nyota iliyokuonyesha, kwa sababu nyota husogea takriban nyuzi 15 kila saa na itakupinda njiani bila wewe kutambua.