Je, Wajua kwa Nini Cartagena Haitembelewi kwa Haraka?

Wasafiri wenye uwezo hulipa fedha nyingi ili walale ndani ya kuta za Cartagena, mji wa bandari wa Kolombia ulioanzishwa na Wahispania mwaka 1533, kisha wasifanye mengi: kahawa ya asubuhi uani, matembezi mafupi, usingizi wa mchana, na jioni kupanda juu ya ukuta kutazama jua likizama baharini. Ni rahisi kudhani kwamba mtindo huo ulibuniwa na wenye mahoteli. Kumbe mwendo huo wa pole umo katika mawe ya mji wenyewe, na walioyapanga hawakuwa wakiwaza starehe hata kidogo. Walikuwa na hofu.

Dhahabu na fedha za makoloni zilipitia bandari hiyo kuelekea Hispania, na mwaka 1586 Francis Drake, haramia Mwingereza, aliuteka mji akauachia baada ya kulipwa fidia. Ndipo Mfalme Filipo wa Pili wa Hispania alipomtuma mhandisi Mwitaliano, Bautista Antonelli, auchoree ngome. (Mfalme huyohuyo ndiye aliyekuwa akiitawala Ureno pia wakati Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593, nayo ilichorwa na Mwitaliano.) Ujenzi wa kuta za Cartagena uliendelea kwa takriban karne mbili hadi zikafikia urefu wa kilomita 11 hivi, na mji uliobanwa ndani yake ukabaki na njia nyembamba ambazo hadi leo humfaa mtembea kwa miguu kuliko dereva.

Wembamba huo una faida nyingine. Joto la mchana hukaribia au kupita nyuzi 30 karibu mwaka mzima, na roshani za mbao zinazochomoza juu ya njia hutupa kivuli. Lakini jua la utosini hukifuta hata kivuli hicho, na mwenye busara huingia ndani. Ndani ndiko kwenye siri ya mji. Lango kubwa la mbao, lenye kigongeo cha shaba cha umbo la mjusi au simba, lina mlango mdogo uliochongwa ndani yake. Ukiinama kuuvuka unapita ukumbi wenye giza, kisha unatokea kwenye ua ulio wazi juu, wenye mimea na upepo. Chini ya nyua za namna hiyo palijengwa matangi ya kuhifadhi maji ya mvua, kwa kuwa mji ulikuwa na uhaba wa maji matamu. Nyumba ya watawa wa kike ya Santa Clara, ya karne ya 17, ni hoteli tangu 1995, na ukimya uliokuwa wa sala sasa hulipiwa kwa usiku.

Si kila kitu humo ni cha kuburudisha. Uwanja wa Plaza de los Coches, ambako watu huketi jioni wakinywa vinywaji baridi, ndiko Waafrika walikouzwa utumwani. Baadhi yao walitoroka, na wakimbizi wa namna hiyo ndio walioanzisha kijiji cha San Basilio de Palenque, ambacho wanawake wake huja mjini kuuza matunda wakiwa na mabeseni kichwani. Lugha ya kijiji hicho imejaa Kihispania, lakini ina maneno ya Kibantu pia, na Mswahili anayetembea polepole vya kutosha kusimama na kuzungumza nao atagundua kwamba ng'ombe, kwao, huitwa ngombe.