Je, wajua kwa nini baadhi ya popi za Himalaya hukaa miaka bila ua, halafu zikichanua tu zinakufa?

Ukitaja popi wengi wanafikiria ile nyekundu ya mashambani Ulaya au ile ya kasumba, lakini kule Himalaya, kuanzia Nepal na Bhutan mpaka Tibet, kuna ndugu zake wanaoitwa Meconopsis. Kuna za bluu, njano, nyeupe, zambarau, na kadhaa ukiotesha mbegu leo unaweza kukaa miaka mitatu, minne, hata zaidi, unaangalia majani tu. Sasa huwa zinasubiri nini?

Jibu liko mzizini. Huko juu kabisa theluji ikishayeyuka mmea una miezi michache tu ya kukua kabla baridi haijarudi, na kwa muda huo haupati chakula cha kutosha kutoa shina, maua na mbegu kwa mpigo, kwa hiyo unaweka akiba kidogo kidogo kila msimu mpaka itoshe. Chukua Meconopsis paniculata: majani yanajipanga duara chini kabisa karibu na ardhi, yamejaa vinywele vya rangi ya dhahabu, asubuhi vimeshika matone ya maji, kwa kweli hata bila ua ni mmea wa kuinama uutazame. Halafu mwaka mmoja ile ncha ya katikati iliyokuwa inatoa majani inageuka shina, linapanda mpaka mita mbili hivi, na maua ya njano yanaanza kufunguka juu kwenda chini.

Na hapo ndo mwisho wake, maana ncha ile ilikuwa ni hiyo hiyo, hakuna chipukizi lingine pembeni la kuendeleza maisha, na akiba yote imeshahamia kwenye mbegu. Mkonge wetu nao, ukishatoa ile nguzo yake ndefu ya maua umekwisha.

Ila sio popi zote. Ile maarufu ya bluu, Meconopsis baileyi, ambayo afisa Mwingereza Frederick Bailey aliikuta Tibet mwaka 1913 na mkusanyaji mimea Frank Kingdon-Ward akaleta mbegu zake Uingereza baada ya safari ya 1924, inaweza kuchanua miaka kadhaa, lakini ikiwahi kutoa ua ikiwa bado changa mara nyingi nayo inakufa. Ndo maana wenye uzoefu wanalikata shina la kwanza la ua, jambo linalouma sana ukizingatia ulivyosubiri, ili mmea utoe machipukizi pembeni kwanza.

Adui mkubwa ni joto. Zinastawi Scotland, zinastawi Tromsø kule kaskazini mwa Norway, ila sehemu yenye kiangazi kikali zinakauka. Maji nayo ni mtihani, zinapenda unyevu wakati wa kukua lakini baridi ikiingia maji yakituama pale katikati ya majani panaoza, kwa hiyo watu wanaziwekea kipande cha kioo juu. Mbegu zisizeeke, zitunze kwenye friji na uzimwage juu ya udongo bila kufukia sana, na kwa zile zinazokufa zikichanua, kama unataka maua kila mwaka basi otesha kila mwaka, kwa sababu ile iliyochanua mwaka huu mwakani haipo.