Kustaafu na kuhamia nje: tunayoambiana kuhusu pesa, na yanayotakiwa kweli

Hapa Dar mtu akikaribia miaka 60, mazungumzo yake hubadilika. Mmoja ana binti Lisbon, mwingine aliwahi kusoma Afrika Kusini na moyo wake ulibaki huko, mwingine amesikia kwamba Thailand maisha ni nafuu na hospitali ni nzuri. Mtu aliyefanya kazi miaka 35 ana haki ya kuchagua atakapopumzikia. Kinachoniuma ni maneno ya vijiweni kuhusu pesa, yale yanayomfanya mzee auze kiwanja au aazime mamilioni, kisha maombi yakakataliwa kwa jambo ambalo lingerekebishwa mwaka mmoja kabla. Nimekaa sana na makaratasi ya wastaafu. Mara nyingi pesa ipo, ila imekaa mahali au kwa namna ambayo ofisa wa viza hawezi kuiona.

"Nina nyumba tatu Mbezi, watanikatalia nini?"

Vibali vingi vya wastaafu vinauliza kipato kinachoingia mwezi hadi mwezi, na nyumba yenyewe si kipato. Chukua Ureno. Viza yao inayojulikana kama D7 imefungamanishwa na kima cha chini cha mshahara cha nchi hiyo, ambacho mwaka 2024 kilikuwa euro 820 kwa mwezi na mwaka 2025 kikawa 870. Mwenza anaongeza nusu ya kiasi hicho, mtoto asilimia 30. Kwa hiyo mume na mke mwaka 2025 walitakiwa kuonyesha euro 1,305. Ukikadiria euro moja kwa shilingi 2,800, hiyo ni zaidi ya milioni 3.6 kila mwezi, na lazima iwe pesa isiyotokana na ajira: pensheni, pango, gawio la hisa, riba.

Pango linakubalika, na hapo ndipo wenzetu wengi wanapokwama. Mpangaji analipa miezi sita kwa mpigo, nusu mkononi, nusu kwa simu. Mkataba ni karatasi mbili zilizonunuliwa steshenari na kujazwa kwa kalamu, hauna stempu, na jina la mwenye nyumba ni la marehemu baba kwa sababu mirathi haijafungwa. Mwenye nyumba anajua kabisa kwamba kila mwaka anapata milioni kadhaa, ila ukimwambia akuonyeshe, anakuonyesha meseji za simu. Ofisa aliye ubalozini hawezi kuzifanyia kazi.

Dawa yake inajulikana na haihitaji wakala. Maliza mirathi na uhamishe hati iwe kwa jina lako. Andikisha mkataba na uulipie ushuru wa stempu. Kodi ya mamlaka ya mapato, TRA, kwenye pango, asilimia 10, ilipwe na risiti zitunzwe. Mpangaji aingize pesa benki, kwenye akaunti ileile kila mara. Najua watu wanaikwepa kodi hiyo na wana sababu zao, lakini kwa anayetaka kuhama, zile risiti ndizo ushahidi mkubwa alionao. Anza angalau mwaka mmoja kabla ya kuomba, maana historia ya mwezi mmoja haimshawishi mtu.

Hispania ni ghali zaidi. Wao wanataka euro 2,400 kwa mwezi kwa mwombaji, na 600 zaidi kwa kila anayemtegemea. Ukikosa kipato, akiba kubwa inaweza kuhesabiwa, lakini iwe akiba yenye historia.

"Kikokotoo kimeniua, bila mkupuo mkubwa siendi popote"

Hasira ya kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu, naielewa. Mtu alipanga maisha akitegemea nusu ya mafao kwa mkupuo, akakuta Julai 2022 ni asilimia 33, kabla ya bajeti ya 2024 kupandisha hadi 40 kwa kundi hilo. Pamoja na hayo, kwa mambo ya viza, ile sehemu inayobaki na kulipwa kila mwezi ndiyo inayopendwa zaidi. Barua ya mfuko wako wa pensheni, PSSSF au NSSF, inayotaja pensheni yako ya mwezi, ikiambatana na taarifa ya benki inayoonyesha pesa hiyo ikiingia kila mwezi, ni ushahidi safi kuliko karibu kitu chochote ulicho nacho.

Shida ni kiwango. Afrika Kusini, kwa mfano, haina umri wa chini kwa kibali cha mstaafu, lakini inataka rand 37,000 kwa mwezi, kutoka kwenye pensheni au mali zinazokuzalishia kiasi hicho. Kwa rand moja shilingi 140, ni zaidi ya milioni 5. Pensheni ya mwalimu wa shule ya msingi haifiki hapo, na ni vizuri aambiwe mapema kuliko kupelekwa mbio. Anayeweza kufika ni yule aliyejumlisha vyanzo: pensheni, pango, na ule mkupuo wenyewe ukiwekwa kwenye hatifungani za serikali zinazolipa riba kila miezi sita, au kwenye mifuko ya uwekezaji ya UTT AMIS inayotoa gawio. Mkupuo uliogeuka kuwa daladala mbili na fremu tatu Tegeta ni mgumu sana kuuthibitisha.

"Azima, weka benki, piga picha, rudisha"

Huu ndio ushauri hatari kuliko yote, na wapo wanaoufanyia biashara. Wanakopesha milioni kadhaa kwa wiki moja kwa riba ya kutisha, ili taarifa ya benki ipendeze.

Hebu tazama taarifa kama hiyo kwa jicho la anayeipokea. Ukurasa wa kwanza hadi wa tano, salio linacheza kati ya laki nne na milioni moja na nusu: LUKU, ada ya mjukuu, dawa. Ukurasa wa sita, tarehe 14, zinaingia milioni 58 kutoka kwa mtu asiyeonekana mahali pengine popote. Tarehe 15, taarifa imechapishwa. Ofisa haangalii salio la mwisho kwanza. Anapitia safu ya tarehe, na hapo maombi yamekwisha.

Thailand wameliandika hilo ndani ya kanuni zenyewe. Mwenye miaka 50 na kuendelea anayeomba kuongezewa mwaka kwa sababu ya kustaafu anatakiwa awe na baht 800,000 kwenye benki ya Thailand, kwa jina lake. Kwa baht moja shilingi 75, hiyo ni milioni 60. Pesa ikae miezi miwili kabla ya maombi, ibaki miezi mitatu baada ya kukubaliwa, na kwa mwaka uliobaki isishuke chini ya 400,000. Mwaka unaofuata, ukiomba tena, masharti ni yaleyale. Pesa ya kuazima haiwezi kuishi hivyo. Asiyetaka kufungia kiasi hicho anaweza kuonyesha kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, au achanganye akiba na kipato cha mwaka mpaka jumla ifike 800,000.

"Mwanangu ana mshahara mkubwa Ulaya, ataniandikia barua"

Barua ya mtoto inasaidia kwenye viza ya kutembelea, mwezi mmoja au miwili. Kibali cha mstaafu kinataka kipato chako mwenyewe. Jambo jingine ambalo watu hawalijui: si kila nchi ina kibali cha namna hiyo. Marekani haina viza ya kustaafu. Uingereza ilikuwa na njia kwa wastaafu wenye uwezo, lakini iliifunga kwa waombaji wapya Novemba 2008.

Kwenye nchi hizo mbili mzazi anapitia mlango wa familia. Marekani, mtoto mwenye uraia aliyefikisha miaka 21 anaweza kumwombea mzazi, na kipato kinachopimwa ni cha mtoto: kwa kawaida angalau asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kilichowekwa na serikali yao kwa ukubwa wa kaya yake. Uingereza mlango ni mwembamba mno. Mzazi lazima athibitishe anahitaji uangalizi wa kila siku kwa mambo kama kuoga na kuvaa, na kwamba uangalizi huo haupatikani huku hata kwa kulipia. Mama mzima wa afya anayepanda mwenyewe daladala ya Mbagala hawezi kupita hapo, hata mwanawe awe na mshahara gani.

"Dola zimepigwa marufuku, siwezi tena kutunza akiba ya kigeni"

Kanuni za Machi 2025 zinakataza kupanga bei na kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Akaunti ya fedha za kigeni benki bado ni halali. Kwa anayejiandaa kuhama, inamkinga kidogo shilingi inaposhuka.

"Kadi ya bima ninayo"

Kadi ya NHIF, bima ya afya ya taifa, inakutibu hapa nchini. Hispania inataka bima binafsi ya afya yenye huduma kamili, na viza ya Thailand ya mwaka mmoja inayoombwa ukiwa nje ya nchi hiyo, O-A, inataka bima ya angalau dola 100,000. Kwa mtu wa miaka 68 mwenye presha, ada ya bima hiyo inaweza kumshinda kabla hata ya kodi ya nyumba. Ulizia bei ya bima kwanza, kisha ndiyo uendelee na hesabu nyingine.

"Nikikosa kidogo nitafungua kagenge hukohuko"

Hapana. Kibali cha kustaafu Thailand hakiruhusu kazi, na kile cha Hispania kinatolewa kwa sharti hilohilo. Ukikutwa unafanya kazi, unapoteza kibali.

"Wakishagonga muhuri, nimemaliza"

Kuna kuhuisha kibali, na kila mara pesa inaangaliwa upya. Kima cha chini Ureno kinapanda kila Januari, wakati pensheni yako ni ya shilingi na haikifuati. Asiyejiwekea nafasi ya ziada leo anaweza kujikuta chini ya mstari miaka miwili baadaye.

Halafu kuna upande wa nyumbani, ambao husahaulika kabisa. Mfuko wa pensheni unahitaji uhakiki wa wastaafu, na asiyehakikiwa malipo yake yanaweza kusimamishwa. Kabla ya kukata tiketi, nenda ofisi za mfuko wako, uliza uhakiki wa aliye nje unafanywaje, na hakikisha namba ya simu waliyo nayo ni utakayoendelea kuitumia. Kagua pia majina: lililo kwenye kitambulisho cha NIDA, pasipoti, benki na mfuko lifanane herufi kwa herufi. Mwanaidi wa benki akiwa Mwanahidi kwenye pasipoti, utatakiwa kuapa kwa hakimu au wakili, na kiapo hicho ni rahisi kukipata ukiwa bado Kinondoni.