Nanoteknolojia: dhana potofu na ukweli kuhusu haki yetu ya kujua

Dhana: Nanoteknolojia ni vijimashine vinavyodungwa mwilini ili kumfuatilia mtu.
Nanoteknolojia ni kutengeneza na kutumia chembe ndogo mno, zinazopimwa kwa nanomita. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na unene wa unywele wa binadamu hukaribia nanomita 80,000. Chanjo za korona za aina ya mRNA (zinazozipa seli za mwili maelekezo ya kutengeneza protini), ambazo wapo waliozikataa kwa hofu hiyo, zilitumia vitone vya mafuta vya takriban nanomita 100, visivyo na betri wala antena.

Dhana: Kisichodhuru kikiwa kikubwa hakiwezi kudhuru kikiwa kidogo.
Chembe inapopungua, tabia yake yaweza kubadilika: dhahabu ya pete ni ya manjano, ilhali chembe zake za nano zikiwa majini huonekana nyekundu. Ndiyo maana usalama wa kitu hauwezi kukadiriwa kwa mazoea.

Dhana: Mambo haya ni ya nchi tajiri.
Mwaka jana nilinunua katika soko la Kibuye, hapa Kisumu, jozi ya soksi zilizosifiwa kwamba hazinuki. Baadhi ya soksi za aina hiyo hutiwa chembe za fedha, madini yale yale ya mikufu, kwa kuwa huua bakteria wanaoleta harufu. Soksi zikifuliwa, sehemu ya chembe hizo hutoka na maji, na mtaani Nyalenda maji ya beseni humwagwa mtaroni, yakateremka kuelekea Ziwa Victoria. Fedha haichagui bakteria: huweza kuwaua hata wale wanaoozesha uchafu katika mitambo ya maji taka, na ikizidi huwa sumu kwa samaki. Kwangu swali zito la maadili liko hapa, kwa sababu faida humwendea mwenye kiwanda, ilhali mvuvi wa ufuo wa Dunga, ambaye hakuulizwa wala hakuambiwa lolote, ndiye anayeishi na hatari hiyo.

Dhana: Mnunuzi atajichagulia mwenyewe.
Hachagui asiyejua. Tangu Julai 2013, Umoja wa Ulaya unataka vipodozi vyenye chembe za nano viandikwe neno “nano” kwenye orodha ya viambato. Kwetu, Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Lebo ya soksi zangu inataja pamba, poliesta na joto la maji ya kufulia, basi.